Sikio la Mashine ya Hamza

Nkome, Geita
11 Februari 2024

Kaka Nassibu, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, ziwa liko mbele yangu, na ugali wa mchana umeshaungua kidogo kwa sababu ya barua hii. Wifi Limi hajambo? Kuku wake wameacha kutagia kwenye sanduku lako la vifaa? Sisi huku wazima. Mimi ndiyo usiniulize. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu niolewe, na bado nikiamka namtazama Hamza kwanza nione kama ni kweli.

Kaka, mtu huyu! Nikitoka kuchota maji ananiosha mchanga miguuni kwa mikono yake, majirani wanaona, wala haoni haya. Boti ameipaka rangi ya kijani na kuiandika ZAKIA ubavuni. Herufi ya mwisho imeinama kwa sababu ubao ulimwishia. Nelly, jirani yangu, ananiambia, "Wewe bibi harusi, utaacha lini kucheka peke yako?" Nikamwambia nikizeeka.

Kitu kimoja tu: bado hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Zile siku mbili alizofukiwa kwenye shimo la dhahabu mwaka juzi hazijamtoka. Lakini tochi yake ya kichwani, mahari yangu, nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda, na nikiitazama roho inatulia. Unakumbuka uso wa sheikhe? Wenzangu wanataja ng'ombe, mimi nikakutuma useme: msahafu, na tochi anayoshukia nayo shimoni, asiwe nayo tena. Na wewe, walii wangu wa ndoa, ukatamka kwa sauti, watu wote pale nyumbani Tinde wakatazamana. Sikuwa na kitu kingine cha kukitaka duniani.

Sasa jambo lenyewe. Boti ilikuja na mashine ya kutafutia samaki, kile kioo kinachoonyesha kina cha maji na samaki walipo. Kioo ni kizima. Ila transdyusa yake, kile kidude cheusi kinachokaa majini, kinachopeleka sauti hadi chini na kuisikiliza ikirudi, ilishapotea zamani. Sisi tunakiita sikio. Hamza amepata sikio jingine Mwanza, la mtumba, la kampuni nyingine. Plagi haiingii: kioo kina matundu manane, sikio lina meno matano. Hapa mwaloni, boti zinaposhushia samaki, hakuna fundi wa vitu hivi. Nikamwambia, kaka yangu anatengeneza mashine za kupimia dhahabu Mwakitolyo nzima, nazo zina koili na waya na zinasikiliza ardhini. Atashindwaje na maji?

Nimevifunga vyote kwenye boksi, nimevipeleka kwa gari la Kahama. Juliana wa vifurushi pale stendi atakutunzia. Ningekupigia, lakini simu yako mpaka upande kichuguu ndiyo ipatikane. Na mimi unanijua ni mtu wa barua. Hata Hamza nilimpata kwa barua.

Usichelewe, kaka. Wavuvi wake wanne wamekubali kumsubiri hadi mwisho wa mwezi. Boti isipoleta samaki, mume wangu anajua kazi nyingine moja tu, na tochi ya kazi hiyo iko juu ya kitanda changu.

Mdogo wako mwenye furaha kuliko watu wote wa Nkome,
Zakia


Mwakitolyo, Shinyanga
25 Februari 2024

Mdogo wangu Zakia, marahaba.

Barua nimeisoma, Limi akaidaka, akaisoma tena kwa sauti kibandani, sasa mafundi wenzangu wananiita "kaka wa bibi harusi". Anakusalimu, anasema wabeja, asante sana, kwa kanga uliyompa. Kuku wametoka kwenye sanduku, wamehamia kwenye kofia yangu. Mvua huku nyingi, mashimo mengi yamejaa maji, kwa hiyo wachimbaji wanashinda hapa kwangu wakisimulia uongo.

Boksi nililipokea. Plagi zote mbili nimezikata, nikaunganisha waya kwa waya: nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, nyingine kwa rangi zake, na ule usio na ganda nikauunga na mwenzake. Kuna nyaya tatu za kioo hazikuwa na wenza, hizo nimeziziba kwa gundi zisiguse maji. Ndivyo tunavyofanya na koili za huku, na watu wanatoa dhahabu. Waya ni waya.

Nimeijaribu kwenye ndoo ya maji kabla gari halijaondoka. Iko sawa.

Mwambie shemeji atafute betri nzima, asije kusema fundi mbaya. Na wewe acha kuunguza ugali wa watu.

Kaka yako,
Nassibu


Nkome
7 Machi 2024

Kaka Nassibu, kaka yangu wa dhahabu, shikamoo.

Inafanya kazi! Nilikuwemo botini, Hamza alinibeba begani kama gunia ili nisilowe, wavuvi wakapiga miluzi. Akawasha. Kaka, samaki! Wanapita kwenye kioo kama watu wanaotoka mnadani, wakubwa kwa wadogo, na juu pameandikwa kina, mita ishirini na moja. Hamza alinishika mkono akaubana hadi pete ikaniumiza, nami sikumwambia inaniuma. Akasema, "Zakia, kaka yako amenitoa shimoni mara ya pili." Maana mara ya kwanza ni wewe uliyemleta nyumbani Tinde akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Sijalisahau hilo, na yeye hajalisahau.

Mwezi wa Ramadhani unaingia wiki ijayo, ndio wangu wa kwanza kumpikia mtu futari. Nimeshajifunza uji wa pilipili manga anaoupenda. Wifi Limi mwambie nitamtumia sato mkavu, mkubwa.

Zakia

Siku hiyo nyavu zilileta sato wawili. Mzee Marwa, nahodha wa Hamza, anasema huenda samaki waliona kivuli.


Nkome
28 Machi 2024

Kaka Nassibu, shikamoo.

Sijapata jibu la barua yangu. Labda imepotea, au labda funga imekuchosha. Wifi hajambo? Sisi tunafunga vizuri. Nelly ametuletea magimbi. Hamza anasema uji wangu unashinda wa mama yake, ila nisimwambie mama yake.

Kaka, juzi boti ilivutwa nchi kavu ipakwe lami. Iko kwenye mchanga, sikio linaning'inia hewani, mbuzi wa Nelly amesimama pembeni anatafuna kamba. Hamza akawasha kioo ili ajaribu betri. Samaki wakapita, walewale. Mita ishirini na moja.

Mzee Marwa alicheka mpaka akakaa chini. "Hamza, tupa nyavu hapahapa! Huyu mbuzi ni sangara!" Wale wavuvi wawili waliokuwa wamebaki walicheka, na jioni wakaja kuaga kwa adabu. Wamepata boti nyingine. Hamza aliwashukuru, akakaa mlangoni. Hakula futari.

Nilichukua kitambaa nikasugua maandishi ya nyuma ya kioo, nikayasoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Kioo kinataka sikio la kilohezi mia mbili, hicho ni kipimo cha sauti yake. Sikio letu limeandikwa themanini na tatu. Na kwenye kona ya kioo kuna neno dogo, maana yake ni maonyesho. Kaka, nadhani mashine isipolipata sikio lake huwa inaonyesha samaki wa dukani, wa kuvutia wanunuzi. Neno lile nililiona tangu siku ya kwanza. Sikuuliza. Alikuwa amenishika mkono.

Ulipoijaribu kwenye ndoo, uliona nini?

Zakia


Mwakitolyo
20 Aprili 2024

Mdogo wangu Zakia, marahaba. Iddi Mubarak, ijapokuwa imeshapita.

Tulisherehekea vizuri. Limi alipika pilau, akaalika na wenzake wa kwaya, tukala Wakristo na Waislamu sinia moja. Mjomba wa Kagongwa alikuja na mchele, amezeeka, anakuulizia. Mimi mgongo unanisumbua kwa kukaa kibandani.

Kuhusu mashine, usiirudishe huku. Kitu cha maana ni kununua sikio lake halisi, lenye meno manane na ile mia mbili uliyoitaja. Nimeulizia, linapatikana Mwanza kwa kuagiza. Ni ghali, lakini ndiyo dawa. Umeme wa majini una mambo yake.

Msalimie shemeji. Mwambie awe na subira.

Nassibu


Nkome
6 Mei 2024

Kaka Nassibu, shikamoo.

Naona ndoo umeiruka. Haya.

Nina habari njema na nataka uniamini kwamba ni njema. Hamza amepata kazi ya kuvua dagaa visiwani, kwenye boti za watu, miezi miwili tu, halafu tunaagiza lile sikio la mia mbili. Ameapa Iddi kubwa, hata kabla miezi haijaisha, atakuwa hapa. Boti yetu tumeifunika majani ya migomba, namwagia maji ubao usipasuke. Herufi yangu iliyoinama ndiyo inayoonekana tu.

Kabla hajaondoka alisimama chini ya msumari kama mtoto anayetaka sukari. "Mke wangu, niazime mahari yako."

"Ya nini?"

"Dagaa wanavuliwa gizani. Nitashikaje wavu na tochi kwa mkono mmoja?"

Nikacheka. Nikapanda kitandani nikaishusha mwenyewe, nikaifuta vumbi, nikambusu pale kwenye paji la uso inapokaa. Nani ameombwa mahari yake kwa upole namna ile? Alinitazama kwa muda mrefu sana, kaka. Nikadhani ni mapenzi. Na ni mapenzi, sisemi siyo.

Kitu kidogo: amechukua na buti. Nelly anasema mvuvi wa dagaa havai buti. Nelly ana maneno.

Sikuulizi chochote. Nimekupa habari tu.

Zakia


Mwakitolyo
26 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa Zakia, marahaba sana.

Nimefurahi mno kupata barua yako. Huku sote wazima. Kuku mmoja wa Limi ameangua vifaranga kumi na mmoja, mwewe amechukua wawili, Limi akamfukuza mwewe kwa ufagio hadi kwa jirani. Mvua zimekatika, mashimo yamekauka, kazi imechangamka. Yule mteja wangu mwenye mashine iliyokuwa inapiga kelele kila ikipita juu ya msumari amepata kidonge cha dhahabu kama punje ya mahindi, amemnunulia mkewe cherehani. Mafuta ya taa yamepanda. Kibanda nimekiezeka upya. Mjomba bado anakuulizia.

Usiwe na wasiwasi juu ya shemeji. Ni mtu mzima, anajua anachotafuta. Ni kweli amepungua kidogo, lakini anakula vizuri na anaswali. Siku si nyingi utamwona na sikio lake mkononi. Wewe tulia, mwagia boti maji.

Limi anataka kuandika neno hapa chini lakini nimemwambia karatasi imejaa.

Kaka yako akupendaye,
Nassibu


Nkome
5 Juni 2024

Kaka.

Shikamoo. Hatujambo.

Umeniandikia kwamba amepungua. Umemwona wapi?

Hapana, usinijibu. Nimeshajua tangu zile buti. Ningejua hata mapema kama ningetaka, lakini nilitaka kuwa mke anayechekwa na majirani kwa furaha. Nilisema Nelly ana maneno.

Mwambie arudi. Usimwambie kwa ukali, ataona haya na akiona haya anazidi kukaa. Mwambie sitaki sikio. Mwambie nimejifunza kukausha dagaa, nauza na Nelly, tutakula. Mwambie boti tutaigeuza banda la kuku wa wifi. Mwambie mlango sijaufunga hata siku moja tangu aondoke, ndivyo nilivyozoea sasa, nikifunga silali.

Na kama anauliza nani amesema, mwambie mahari yangu imesema. Niliitaka kwa kinywa chako, kaka. Wewe ndiye uliyetamka. Kati ya watu wote wa dunia hii, wewe ungemwona anashuka ungemshika shati.

Iddi ni tarehe kumi na saba. Naomba awe hapa.

Zakia


Mwakitolyo
9 Julai 2024

Mdogo wangu Zakia,

Sina salamu ya kuandika. Limi amekaa hapa pembeni, amesema nisipoandika leo ataandika yeye.

Barua yako ilifika Jumatatu tarehe kumi, asubuhi. Niliisomea palepale kwa mtu wa vifurushi. Nikaenda hadi kwenye duara la Hamza, ndivyo tunavyoyaita mashimo, wakaniambia ameshuka saa moja, anatoka saa nane. Nikaitia barua mfukoni. Nikasema namsubiri atoke. Ningeweza kumpigia kelele pale mdomoni mwa shimo, kuna kamba ya kuvuta kuita watu. Nilisema saa nane si mbali. Nikanunua chai.

Saa tano magogo yaliyoshikilia ukuta yaliachia. Walikuwa watatu. Tulichimba hadi Alhamisi. Mengine ulishaambiwa na waliomleta.

Alikuja hapa tarehe tisa ya mwezi wa tano. Aliniambia, "Shemeji, mashine uliyotengeneza wewe imenikimbizia wavuvi. Sikulaumu. Nipe miezi miwili na usimwambie dada yako." Ningemkatalia nini, Zakia, na kwa mdomo gani?

Uliniuliza kuhusu ndoo. Niliona samaki. Ndoo ya lita ishirini, haina kitu ila maji ya kisima, na kioo kinanionyesha samaki saba na mita ishirini na moja. Nilijua papo hapo kwamba sikio si lake. Koili isiyo ya mashine yake huwa hivyohivyo, inakupigia kelele ya dhahabu pasipo na kitu. Kazi yangu ndiyo hiyo, nimewafukuza watu wangapi hapa kibandani nikiwaambia nenda katafute koili yako. Lakini gari lilikuwa linapiga honi, na barua yako ilikuwa inasema kaka yangu atashindwaje na maji. Nikafunga boksi.

Ndani ya boksi hili kuna sikio la meno manane, mia mbili. Hamza alikuwa ameshaliagiza, lilifika kwa Juliana Jumanne ya wiki ile, siku moja baada ya shimo. Na tochi. Waliitoa naye. Kioo chake kimepata ufa lakini inawaka.

Nassibu


Nkome
2 Agosti 2024

Kaka Nassibu, shikamoo. Naandika shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo.

Wifi Limi hajambo? Mwambie nimepata neno lake kwenye kile kikaratasi alichokificha chini ya boksi. Nimekisoma na nimekitunza. Hakijafika kwa mwingine.

Niko ndani ya eda, sitoki, kwa hiyo sikio alilifunga Mzee Marwa. Anasema plagi imeingia yenyewe, meno manane kwenye matundu manane, bila kisu. Wakaishusha ZAKIA majini, yeye na mwanawe. Alirudi akasimama nje ya mlango, akaongea akiwa ametazama ziwa.

"Mama, inasema mita sita. Tumeshusha jiwe kwa kamba, ni mita sita kweli."

"Na samaki?"

"Hawapo. Inaonyesha mchanga mtupu. Tumetupa wavu, hawapo kweli." Akakohoa. "Mashine nzuri sana hii."

Nikamwambia aichukue boti aitumie hadi nitoke eda, mengine tutaongea.

Sasa nikuambie jambo ambalo waliokuwepo labda hawakukuambia. Siku ya mazishi, kabla hawajamswalia, walikuja mlangoni kuuliza kama marehemu ana deni la mtu. Nikasema lipo, ni mahari yangu. Watu wakatazamana kama siku ile Tinde. Nadhani walifikiri naanza kudai ng'ombe. Nikasema alinipa tochi, akaiazima kwangu, na niliyeishusha msumarini ni mimi, kwa mkono wangu, kwa hiyo kwangu hana deni tena. Nimemsamehe duniani na akhera. Nilisema kwa sauti ili na yeye asikie, kama wafu wanasikia.

Halafu wakauliza walii wa ndoa ni nani, athibitishe. Nilichungulia dirishani. Kwenye gari lililomleta walishuka watu sita. Niliwahesabu mara mbili, wewe hukuwemo.

Unangoja neno langu, kaka, najua, barua yako yote inalingoja. Nimekaa nalo wiki tatu. Nalishusha, nalisubiri ligonge chini lirudi, halirudi. Sijui kina chake. Nikikuambia nimekusamehe leo nitakuwa nakuonyesha samaki wa kwenye ndoo, na tumeshaona wanapotufikisha. Usiniandikie uniulize. Likirudi lenyewe, nitakuandikia mimi.

Tochi nimeirudisha kwenye msumari. Leo ni siku ya mia moja tisini na sita tangu niolewe, na bado nahesabu, na bado ni mke wake, na Nelly hanicheki tena. Nalala mlango ukiwa wazi.

Zakia, mke wa Hamza